Karibu Wote, Wote Ila: Maneno ya Kukaribia Ukamilifu

Maneno ya kueleza kwamba jambo limekaribia kumwenea kila mtu au kila kitu, lakini halikufika huko, si mengi katika Kiswahili, nayo yamo midomoni mwa watu kutwa kucha: karibu, takriban, nusura, ila, isipokuwa, kasoro. Yamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linakiri kuwa kuna baki lakini halilitaji: karibu wote, takriban wote, walio wengi. Kundi la pili linalitaja baki lenyewe, kwa jina au kwa hesabu: wote ila Fulani, wote isipokuwa wawili, mia kasoro moja. Makosa mengi yanayoonekana kwenye insha, ripoti, hati na habari za magazeti hutokana na kutumia neno la kundi moja mahali pa kundi la pili, au kuliweka neno sahihi mahali pasipo pake.

Mifano iliyomo humu imetokana zaidi na kazi ya ualimu na ufasiri katika kisiwa cha Mombasa: madarasa ya sekondari, kisha meza ya kufasiri barua, hati za mirathi na maelezo ya kuwasomea wageni wanaotembezwa Mji wa Kale. Kazi hiyo humzoesha mtu kulitazama kila neno “wote” kwa jicho la shaka.

Katika mazungumzo shaka hiyo hutatuliwa papo hapo. Kwenye baraza za Mji wa Kale, pale kahawa chungu inapopita na vikombe kugonganishwa, kijana akisema neno la jumla hukamatwa kabla hajamaliza. Mmoja alisimulia kwamba watu wote wa mtaa walikwenda maziko. Mzee aliyekuwa pembeni akamuuliza, “Wote, mwanangu? Na mimi n'liyekuwa hapa n'kinywa kahawa, si mtu?” Kijana akacheka. “Samahani, babu. Walikwenda wengi.” Mzee hakuridhika bado: “Wengi ni wangapi? Sema karibu wote, tukasalia sisi wenye magoti mabovu.” Katika mabadilishano hayo mafupi zimepita ngazi tatu: wote, wengi, karibu wote. Na ile ya tatu imefuatwa mara moja na baki lake, wazee wenye magoti mabovu. Msomaji wa maandishi hana fursa ya kuuliza. Anachopewa ndicho anachokuwa nacho.

Ngazi ya “wengi” inahitaji kuchambuliwa vizuri kwa sababu ndiyo inayopotosha kimyakimya. “Wanafunzi wengi walifeli” haisemi kwamba waliofeli ni zaidi ya waliofaulu. Katika shule yenye wanafunzi elfu, mia mbili ni wengi. Anayetaka kusema zaidi ya nusu hana budi kusema “wanafunzi walio wengi” au “wengi wao”, na hiyo ya pili ifuate sentensi iliyokwisha kuwataja, ili “wao” liwe na mwenyewe. “Sehemu kubwa ya wanafunzi” pia inafaa, ingawa inasikika zaidi ofisini kuliko sokoni. Juu ya hapo ndipo panapokuja “karibu wote”, na hili ni dai zito kuliko wanavyodhani wanaolitumia. Anayelitamka anadai kuwa anawajua waliosalia au angalau ameona kwamba ni wachache mno. Ripoti nyingi za vikao husema “karibu wanachama wote waliafiki” ilhali mwandishi aliona mikono mingi tu ikiinuka, na hakuna aliyewahesabu waliokaa kimya. Hapo neno la haki ni “wengi”.

Neno “karibu” lina mzigo wake mwingine, kwa kuwa linafanya kazi tatu: kumkaribisha mtu, kuonyesha mahali, na kukadiria. Kosa la kawaida kwenye insha za kisiwani si kulichagua vibaya bali kuliweka vibaya. Mwanafunzi huandika, “Karibu wageni wote walifika kabla ya magharibi.” Jicho la msomaji, hasa msomaji aliyezoea vibao vilivyotundikwa juu ya milango ya hoteli na maduka ya vinyago, husoma maneno matatu ya mwanzo kama salamu: karibu, wageni wote! Halafu anakutana na “walifika” na kulazimika kurudi nyuma. Dawa ni kulihamisha neno liwe baada ya nomino: “Wageni karibu wote walifika kabla ya magharibi.” Hapo halina njia nyingine ya kusomeka. Kosa la pili ni kulibandika “na” bila kufikiri. “Karibu na nyumba zote” inaeleza mahali, si wingi. Anayesema “karibu na nyumba zote pana kisima” anazungumzia visima vilivyo jirani na nyumba, wala hasemi kuwa nyumba zilizo nyingi zina visima.

Nafasi ya neno ina uzito zaidi pale “karibu” linapokutana na “nusura”. Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni pacha, na kwa kitendo cha mtu mmoja ni kweli yanakaribiana: “karibu aanguke” na “nusura aanguke” yanamaanisha kwamba hakuanguka. Yote mawili hufuatwa na kitenzi cha dhamira. Wanafunzi wanaoandika “nusura alianguka” wanakivunja kitenzi na maana pamoja, kwa kuwa “alianguka” inadai kwamba tukio lilikuwa. Lakini yakiingia kwenye wingi, yanaachana kabisa. “Karibu wote walikufa” inasema kuna maiti wengi na wachache waliopona. “Nusura wote wafe” inasema hatari iliwakabili wote, na pengine hakufa hata mmoja. Sentensi ya kwanza ni ya makaburi, ya pili ni ya shukrani.

Hakuna mahali ambapo tofauti hii inahitajika zaidi kuliko katika kusimulia kuzingirwa kwa Fort Jesus, au Ngomeni kama wenyeji wasemavyo. Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yaliizingira, na mzingiro haukuisha hadi tarehe 13 Desemba 1698. Huo ni muda wa miezi 33, na ndiyo maana “takriban miaka mitatu” ni usemi sahihi wakati “miaka mitatu kamili” si sahihi. Watembezaji wageni husema hata “miaka mitatu na ushei”. Huko ni kuuongeza muda badala ya kuukadiria.

Ndani ya muda huo kuna tukio ambalo wasimulizi huliharibu kwa neno moja. Maradhi yaliingia ngomeni, na kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 Wareno waliokuwa ndani walikuwa karibu wote wamekufa, pamoja na kapteni wao. Ulinzi ukabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na Waafrika wengine wachache, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Hao ndio walioishika ngome mpaka msaada ulipofika kwa njia ya bahari mwezi uliofuata. Sasa tuseme mfasiri ameandika “nusura Wareno wote wafe kwa maradhi”. Sheikh Daud hana tena sababu ya kuwa kwenye historia hiyo, maana Wareno wangali hai na wanajilinda wenyewe. Au tuseme ameandika “watu wote waliokuwa ngomeni walikufa”. Hapo Waswahili wa Faza wamefutwa pamoja na Wareno, na msomaji hataelewa ni nani aliyewafungulia lango waliokuja kuokoa. Usemi unaosimama ni ule wenye ngazi mbili: Wareno karibu wote walikufa, na walinzi waliosalia, walio wengi wao, hawakuwa Wareno.

Miongoni mwa vyombo vilivyokuja na msaada ni manowari Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome Oktoba 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimbua kuanzia 1977, na vitu vilivyotolewa ndani yake vimewekwa katika jumba la makumbusho lililomo ngomeni, ambalo limekuwa wazi kwa umma tangu 1962. Mfasiri wa maelezo ya meli hukutana na swali lile lile kwa sura nyingine: imeokolewa meli, au imeokolewa sehemu yake? Kilichochunguzwa chini ya maji ni sehemu ya chini ya gamba lake, ile iliyofunikwa na matope. Vilivyopandishwa juu ni vitu. “Meli yote imo makumbusho” ni uongo wa kusisimua, na watoto wa shule hutoka hapo wakiitafuta.

“Nusura” linafaa vizuri sana mwishoni mwa kisa. Siku chache baada ya ngome kuanguka Desemba 1698, merikebu za Wareno zilitokeza Mombasa zikaona bendera si ya kwao, zikaondoka. Nusura waiwahi. Wako wasomaji wanaoshikilia kwamba “nusura” ni ya mabaya tu, ajali na maangamizi, na kwamba kwa jambo la heri mtu aseme “karibu” au “bado kidogo”. Masikio ya wengi hayawafuati. Watangazaji wa mpira husema “nusura afunge” bila haya, na wengine huongeza “chupuchupu”, neno zuri la redioni ambalo kwenye karatasi ya historia lingeonekana limevaa jezi. Hata hivyo wana hoja kwa kiasi fulani: katika maandishi mazito neno hili huleta harufu ya hatari, na mwandishi akilitumia kwa jambo tulivu, kama “nusura mkutano uanze saa tatu”, msomaji ataanza kuogopa bila sababu.

Kisa cha ngome kina mtego wa tatu, wa wakati. Vitabu vya kuazima na maelezo ya haraka husema utawala wa Wareno Mombasa uliisha kabisa mwaka 1698. Hapana. Walirudi 1728, wakakaa ngomeni hadi wenyeji walipowafukuza 1729. “Kabisa” ni neno la ukamilifu usiokubali hata siku moja ya ziada, na hapa lina ziada ya mwaka mzima na zaidi. Lililohitajika ni “uliisha, isipokuwa kwa kipindi kifupi cha 1728 na 1729”. Sentensi imerefuka kidogo, lakini hakuna anayeweza kuipinga.

“Takriban” halina matatizo ya nafasi kama “karibu”, lakini lina yake. Maana yake ni kiasi kinachozunguka hesabu, juu au chini. “Karibu” linakwea kutoka chini na halivuki. Watu 195 ni “karibu watu 200”, nao ni “takriban watu 200” vilevile. Watu 204 ni “takriban watu 200” lakini si “karibu watu 200”. Tofauti hii wengi hawaijali, na pengine katika habari ya harusi haina haja ya kujaliwa. Kwenye taarifa ya fedha ina haja. Mweka hazina anayesema ametumia “karibu shilingi laki tano” amesema hakufika laki tano.

Kinachochusha zaidi ni makadirio juu ya makadirio. “Takriban kama watu 300 hivi” ina maneno matatu yanayofanya kazi ya moja. Katika usemi “kama watu 300 hivi” yatosha na ni tamu; katika maandishi “takriban watu 300” yatosha. “Zaidi ya takriban watu 300” haina maana yoyote, nayo huchapishwa. Kinyume chake ni kuliweka neno la kukadiria mbele ya hesabu iliyohesabiwa hadi mtu wa mwisho. Sensa ya 2019 ilipata wakazi 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kuandika “takriban watu 1,208,333” ni kusema kwamba hujui ukijuacho. Ama hesabu itajwe ilivyo, ama iviringishwe: takriban watu milioni moja na laki mbili. Na hapo pana mwiba mwingine, kwa kuwa wageni, na wenyeji wavivu, husema hao wote wanaishi kisiwani. Kisiwa ni kipande tu cha kaunti. Wakazi walio wengi wako bara, upande wa Kisauni, Nyali, Jomvu, Changamwe na Likoni. Kabla ya “wote” kuhesabiwa, mpaka wa “wote” huwekwa kwanza.

Wazee wanaosema Kimvita, lahaja ya Mombasa, wana njia ya kale zaidi ya kukadiria, kitenzi badala ya kielezi: “yapata miaka ishirini”, “wapata watu mia”. Haijafa, na inapendeza kwenye masimulizi. Haifai sana kwa “wote”: hakuna asemaye “wapata wote”. Kiswahili sanifu, kilichoegemezwa kwenye Kiunguja baada ya mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928, kimelipa nafasi kubwa zaidi “takriban”, na wapo wanaoliandika “takribani”. Yote mawili yanasomeka. Mwandishi achague moja na asiyachanganye katika ukurasa mmoja.

Kundi la pili, lile linalotaja baki, linaanza na somo ambalo kila mtoto wa Mji wa Kale hulipata kabla ya shule, akiwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Shahada imejengwa kwa kukanusha kisha kubagua: hapana mola ila Mwenyezi Mungu. Muundo huu, “hapana … ila”, ndio usemi mkali kuliko yote katika lugha, kwa sababu unafuta kila kitu halafu unakirudisha kimoja tu. Mtu aliyelelewa nao hahitaji kufundishwa kwamba “hakuja ila Ali” ina maana Ali amekuja, peke yake. Linalohitaji kufundishwa ni upande wa kuyakinisha: “wote walikuja ila Ali” ina maana Ali hakuja. Kukanusha na kuyakinisha kunageuza hali ya huyo aliyetajwa. Katika sentensi ndefu yenye vishazi viwili au vitatu, Ali hupotea kati ya aliyekuja na asiyekuja.

Kwa hati, “isipokuwa” ni salama kuliko “ila”, maana “ila” ina maana nyingine ya dosari, na pia hutumiwa kwa maana ya “lakini”. “Kasoro” nayo ina maana hiyo hiyo ya dosari, ila katika hesabu imebaki safi, nayo ni sahihi kabisa, si ya kukadiria: mia kasoro moja ni tisini na tisa, basi. Mombasa nzima husoma saa kwa neno hili. Saa tisa kasoro dakika tano, au ile “kasorobo” ya kila siku ambayo imeyameza maneno mawili. Hakuna anayesikia “saa mbili kasorobo” akadhani ni takriban.

Hatari iko kwenye “mbali na”. Waandishi wa habari hulitumia kwa maana mbili zinazopingana. “Mbali na gavana, wabunge wote walihudhuria”: gavana alihudhuria pamoja na wabunge, au wabunge walihudhuria na gavana hakuja? Hakuna awezaye kujua. Katika hati ya mirathi jambo kama hilo halivumiliki. Familia nyingi za kisiwani zina jamaa waliohamia Ghuba, na hati inayopelekwa kwa Kadhi huhitaji kila mrithi atajwe. Sentensi “mbali na walioko Maskati, warithi wote wametia sahihi” ingezua safari ya kwenda na kurudi. Mfasiri mwenye uzoefu huandika “warithi wote wametia sahihi isipokuwa wawili walioko Maskati”, kisha huwataja wawili hao kwa majina katika mstari unaofuata. Pale baki linapojulikana, “karibu wote” ni uzembe.

Upande wa kukanusha ndiko Kiingereza kinakopenyeza zaidi. Usemi “karibu hakuna mtu” umeenea, na hauna asili. Mswahili aliyepita Barabara ya Ndia Kuu saa nane mchana siku ya Ramadhani hasemi “karibu hakukuwa na mtu”. Husema “hapakuwa na watu wa kusema”, au “ungemwona mmoja mmoja”, au “ni kama hapakuwa na mtu”. Hilo “ni kama” ni chombo kizuri: mvua ni kama haikunyesha, duka ni kama limefungwa. Linakiri kuwa baki lipo lakini halihesabiki. Kwa nyakati za kitendo, “ni nadra” hufanya kazi hiyo, na upande wa pili wake ni “aghalabu”, neno la kitabuni kidogo lakini lisilo na mbadala mwepesi: si mara zote, ila zaidi ya mara nyingi.

Mfasiri kutoka Kiingereza hukutana na “all but”, ambalo limewaangusha wengi. Kiingereza kimeyaweka makundi yote mawili ndani ya maneno hayo hayo. Likifuatwa na nomino au hesabu, linataja baki: “all but two of the dhows left” ni “majahazi yote yaliondoka isipokuwa mawili”. Likifuatwa na kitenzi au kivumishi, linakadiria: “the old port has all but died” ni “bandari ya kale imekaribia kufa”, au kwa ufasaha zaidi, “bandari ya kale ni kama imekufa”. Yamewahi kuonekana maandishi yaliyosema “bandari yote isipokuwa imekufa”, maneno ambayo si Kiswahili wala si Kiingereza. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza hufanya kosa la upande mwingine: wakiona “all but finished” huamua kwamba kazi haikumalizika hata kidogo, kwa kuwa “but” wamefundishwa kuwa ni “lakini”. Kanuni ya kutazama neno linalofuata huwatoa matatani mara nyingi kuliko orodha yoyote ya misemo.

Ndugu zake “all but” hawafanani naye. “Nothing but” ni ile “hapana … ila” ya chuoni, na kwa wepesi ni “tu”: alinywa maji tu. “Anything but” ni kukanusha kwa nguvu, wala haina ukadiriaji wowote ndani yake: “the crossing was anything but safe” ni “kivuko hakikuwa salama hata chembe”. “Last but one” ni “wa pili kutoka mwisho”. Anayeifasiri “wa mwisho lakini mmoja” hakuisoma.

Lipo kundi moja la misemo ya Kiingereza lisilo na neno moja la kulijibu: “virtually”, “practically”, “to all intents and purposes”. Vitabu vya historia ya mwambao vimejaa misemo hiyo, na kwa sababu nzuri. Baada ya makubaliano ya 1895, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, Mombasa ikiwemo, ulibaki kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, huku ukiendeshwa na Waingereza kwa malipo ya kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus. Mwaka 1920 bara ilipotangazwa kuwa koloni, ukanda huo haukuwa koloni. Uliitwa Himaya ya Kenya. Anayeandika leo kwamba “Kenya yote ilikuwa koloni la Mwingereza” amekosea kwa maili kumi. “Takriban Kenya yote” ni sahihi kwa ramani, lakini haimwelezi msomaji kisa chenyewe. Kiswahili hapa kinafanya vizuri kwa kuugawa usemi pande mbili: kwa jina mwambao ulikuwa wa Sultani; kwa vitendo ulikuwa wa Mwingereza. “Kwa jina” na “kwa vitendo” yakisimama pamoja yanabeba yote yaliyomo katika “to all intents and purposes”, na zaidi, kwa kuwa yanamlazimisha mwandishi aseme kilichobaki kwa kila upande.

Kilichobaki kwa jina hakikuwa kidogo. Miaka ya mwanzo ya 1960 wapwani waliodai Mwambao ujitawale walijenga hoja yao juu ya masalio hayo, na mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuichunguza. Pendekezo lake lilikuwa ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Sultani aliachilia haki zake kwa makubaliano yaliyobakiza pia nafasi ya Kadhi, ambayo katiba ya 2010 inaitaja katika kifungu cha 170. Tangu tarehe 12 Desemba 1963, mwandishi anaweza kuandika “Kenya yote”, Mombasa ikiwemo, bila “takriban” wala “isipokuwa”.